Nambari nne za siri: historia fupi ya mtandao na biashara za kina mama

Leo naweka kando mambo ya lugha za programu na seva zinazozimika usiku wa manane, niwapigie hadithi ya historia. Lakini nianze na aibu yangu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ndogo ya simu ya kumsaidia mfanyabiashara wa kibanda kuweka hesabu. Unaingiza ulichonunua, unaingiza ulichouza, jioni inakuonyesha faida. Niliiona nzuri sana. Nikampelekea shangazi yangu, ambaye anauza nyanya, vitunguu na sukuma wiki kando ya barabara, nikamwekea kwenye simu, nikamfundisha. Aliitumia siku tatu. Wiki iliyofuata nilipomuuliza, aliniambia kwa upole kwamba hesabu zake ziko kichwani na hazijawahi kumpotea hata siku moja. Kinachompotea ni pesa zenyewe. Jioni anafika nyumbani na shilingi 1,500, asubuhi anaamka kwenda Marikiti na shilingi 900, na kila aliyechukua katikati alikuwa na sababu nzuri: mtoto ametumwa daftari shuleni, mzee anahitaji nauli, shemeji amekuja na shida.

Programu yangu ilijua kuhesabu pesa. Haikujua kuzificha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo sisi watu wa tarakilishi hulijibu haraka mno: je, mtandao unapunguza pengo la tija kati ya biashara ndogo za wanawake na zile za wanaume, au unaliongeza? Jibu letu la haraka ni kwamba wape watu wote intaneti na pengo litajifunga lenyewe. Nimesoma historia ya miaka hamsini na kidogo, na naona hadithi yenyewe ina kona nyingi kuliko hivyo.

Tuelewane kwanza kuhusu neno. Tija si bidii. Mama anayeamka saa kumi alfajiri na kufunga kibanda saa tatu usiku ana bidii ya kutosha watu wawili. Tija ni kile kinachobaki mkononi ukilinganisha na saa na mtaji uliotia. Unaweza kuwa na bidii nyingi na tija ndogo, na hapo ndipo uchungu wa jambo hili ulipo.

Kabla ya simu

Biashara hizi zilikuwako zamani, lakini jina walilopewa na wasomi lina tarehe. Mwaka 1971 mwanaanthropolojia Keith Hart, aliyekuwa amefanya utafiti Ghana, alizungumza juu ya "sekta isiyo rasmi". Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani likatoa ripoti juu ya ajira nchini Kenya, kazi iliyoongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, na ripoti hiyo ndiyo iliyolitangaza jina hilo ulimwenguni. Ilisema jambo ambalo askari wa jiji hawakupenda kulisikia: kwamba hawa watu wa vibanda si wazururaji, wanazalisha mali na kutoa ajira, na kwamba serikali iache kuwabomolea.

Sisi wenyewe tuliwaita jua kali, kwa maana walifanya kazi bila paa. Lakini angalia neno hili lilimhusu nani kwanza. Lilikuwa la mafundi wa mabati, masanduku na majiko, watu wa Kamukunji na Gikomba, karibu wote wanaume. Miaka ya 1980 serikali ilipoanza kuwajengea mabanda ya kufanyia kazi, mabanda yale yalikuwa ya mafundi. Mama aliyekuwa akiwauzia mafundi hao chakula cha mchana alibaki juani pale pale.

Jambo la pili lilikuwa dhamana. Benki ilitaka hati ya shamba, na hati ya shamba ilikuwa na jina la mwanamume. Sheria ya Urithi, iliyompa binti na mjane haki mbele ya mahakama, ilipitishwa mwaka 1972 lakini ikaanza kutumika mwaka 1981. Hata baada ya hapo mila ilishinda karatasi mara nyingi. Kwa hiyo kina mama wakajitengenezea benki zao: vyama vya kuzungushiana pesa, ambapo kila wiki kila mmoja anatoa kiasi fulani na mmoja wao anaondoka na chungu chote. Wasomi wengi wameviona vyama hivi kama njia ya kukopa. Shangazi yangu anaviona pia kama mahali pa kuficha. Pesa iliyo kwenye chama haiwezi kuombwa na shemeji, kwa sababu iko mikononi mwa wanawake ishirini wengine. Likumbuke hilo, maana litarudi.

Pengo lenyewe

Mwaka 2016 Shirika la Takwimu la Kenya lilitoa matokeo ya uchunguzi wa biashara ndogo na za kati. Zilihesabiwa takribani milioni 7.4, na karibu milioni 5.9 kati ya hizo hazikuwa na leseni. Wanaume walikuwa wengi zaidi kwenye zile zenye leseni. Zile zisizo na leseni, zaidi ya nusu zilikuwa za wanawake. Kadiri unavyoshuka ngazi ndivyo unavyokutana na kina mama zaidi.

Mwaka 2019 Benki ya Dunia ilitoa ripoti juu ya wanawake wafanyabiashara Afrika kusini mwa Sahara, ikakadiria kwamba faida ya mwezi ya biashara ya mwanamke iko chini kwa asilimia 34 kwa wastani ikilinganishwa na ya mwanamume. Sababu zilizotajwa ni zile ambazo ukikaa sokoni siku moja utaziona mwenyewe. Mtaji ni mdogo. Saa zinagawanywa na kazi za nyumbani. Pesa ya biashara na pesa ya jikoni hukaa kwenye mkoba mmoja. Na aina ya biashara yenyewe.

Hilo la mwisho linahitaji mfano, na mfano mzuri uko kwa jirani zetu Kampala. Watafiti wa Benki ya Dunia waliandika mwaka 2015 juu ya wanawake waliovuka mstari na kuingia kwenye kazi zinazodhaniwa kuwa za wanaume, kama ufundi wa vyuma, umeme na magari. Waliovuka walipata takribani mara tatu ya wale waliobaki kwenye biashara zilizojaa wanawake, na walikuwa sawa na wanaume wa fani hizo. Wengi wa waliobaki hawakujua kwamba wanapata kidogo zaidi. Na waliovuka, wengi walikuwa na mtu wa kuwashika mkono, mara nyingi mwanamume: baba, mume au rafiki aliyekuwa tayari ndani ya kazi ile.

Kwa hiyo pengo lina angalau vyumba vitatu. Kuna chumba cha habari, yaani kujua bei na kujua fursa. Kuna chumba cha pesa, yaani nani anashika faida baada ya kuuza. Na kuna chumba cha kazi yenyewe, yaani unauza nini na kwa saa ngapi. Sasa tuone mtandao uliingia chumba kipi.

Simu inafika

Wenye umri wangu mnakumbuka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa na laini za simu za waya takribani laki tatu, na kuomba laini ilikuwa kama kuomba shamba. Mwaka 1999 shirika la posta na simu likagawanywa, na kufikia mwaka 2000 kampuni mbili za simu za mkono, Safaricom na KenCell, zilikuwa zinashindana. Simu ikashuka kutoka kiunoni kwa tajiri hadi mfukoni kwa makanga. Mulika mwizi ikawa simu ya taifa.

Wachumi walifurahia sana chumba cha kwanza, kile cha habari. Utafiti uliotajwa kila mahali ni wa Robert Jensen, uliochapishwa mwaka 2007, juu ya wavuvi wa dagaa katika jimbo la Kerala, India. Simu za mkono ziliingia pwani ile kati ya mwaka 1997 na 2001. Kabla ya hapo mvuvi alirudi ufuo wake wa nyumbani, na akikuta samaki wamejaa anawatupa, huku soko la pili kilomita chache kutoka hapo wanunuzi wanarudi mikono mitupu. Simu ilipofika, mvuvi alipiga akiwa bado baharini akauliza bei ndipo akageuza mashua. Samaki wakaacha kutupwa, faida ya wavuvi ikapanda kwa takribani asilimia 8, na mlaji akanunua kwa bei iliyoshuka kwa asilimia 4 hivi.

Ni utafiti mzuri, nami niliupenda kama kila mtu. Lakini usome tena ukiwaza shangazi. Yule mvuvi alikuwa na mashua. Kujua bei ya soko lingine kuna faida kwa mtu anayeweza kwenda soko lingine. Mama mwenye beseni la nyanya na mtoto mgongoni akijua kwamba kule ng'ambo bei ni nzuri zaidi, atafanya nini na habari hiyo? Nauli itakula tofauti ya bei, na saa nane lazima awe nyumbani.

Sisemi habari za bei hazina maana. Mwaka 2010 hapa Nairobi dada watatu, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka, waliunda M-Farm, huduma ya kumpa mkulima bei ya soko kwa ujumbe mfupi. Jambo ninalotaka ulione ni kwamba hawakuishia kwenye bei. Waliongeza njia ya wakulima wadogo kujiunga pamoja wauze kwa wingi, kwa maana bei peke yake haimpi mashua asiye nayo.

Sefu ya usiku

Sasa tuingie chumba cha pili, na hapa ndipo historia yetu Wakenya inapokuwa tamu.

Mwezi Oktoba 2005 jaribio dogo lilianza Thika na sehemu chache za Nairobi. Vodafone, Safaricom na shirika la mikopo midogo la Faulu, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, walitaka kuwapa wakopaji njia ya kulipa mkopo kwa simu. Waliosimamia, Nick Hughes na Susie Lonie, baadaye waliandika waliyoyaona. Wateja walikuwa mia kadhaa tu na maduka ya mawakala 8. Watu walipewa chombo cha kulipia mkopo, nao wakakifanyia mambo yao. Wakalipana wao kwa wao. Aliyekuwa anasafiri aliweka pesa alikotoka akaitoa alikofika. Na wenye biashara wakaigeuza kuwa sefu ya usiku, kwa sababu benki zilikuwa zimefunga na wakala bado yuko wazi.

Nilipolisoma hilo la sefu ya usiku nilicheka peke yangu. Shangazi alikuwa ameniambia jambo lile lile.

M-Pesa ilizinduliwa rasmi Machi 2007, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imepita wateja milioni moja. Tuwe wakweli kama watu wa teknolojia: hiyo haikuwa intaneti. Ilikuwa menyu ndani ya laini ya simu, ikisafiri juu ya ujumbe uliofungwa kwa siri, na iliweza kukimbia kwenye mulika mwizi yenye betri ya wiki nzima. Tangazo lilisema tuma pesa nyumbani. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu kingine ambacho hakuna aliyekitangaza: nambari nne za siri. Kwa mara ya kwanza mama mboga alikuwa na mfuko ambao hata akiwa amelala, hakuna mkono mwingine unaoweza kuufungua.

Je, mfuko kama huo unaweza kubadilisha biashara? Kuna ushahidi, tena mwingine ni wa kabla ya M-Pesa kuenea. Kuanzia mwaka 2006 Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya jaribio Bumala, karibu na mpaka wa Busia, kule kule ambako baiskeli za kuvusha watu mpakani zilizaa jina la boda boda. Walifungulia wachuuzi wa soko, wengi wao kina mama, na waendesha boda boda wanaume akaunti kwenye benki ndogo ya kijiji. Akaunti hiyo haikulipa riba, na kutoa pesa kulikatwa ada. Yaani ukiweka unarudishiwa pungufu. Hata hivyo kina mama wengi waliitumia, na ndani ya miezi michache kiasi walichotia kwenye biashara kilipanda kwa kati ya asilimia 38 na 56. Kwa waendesha boda boda hakukuonekana badiliko. Fikiria hilo: mtu anakubali kukatwa pesa ili pesa yake ikae mbali na yeye na watu wake. Hiyo ndiyo bei ya siri.

Tuvuke mpaka tena hadi Uganda. Katika muongo uliopita Emma Riley alifanya jaribio na wanawake takribani 3,000 waliokopa kutoka BRAC. Baadhi walipewa mkopo taslimu kama kawaida, baadhi mkopo uleule ukawekwa kwenye akaunti ya simu. Baada ya miezi minane, waliopokea kwenye simu walikuwa na faida ya biashara iliyozidi kwa asilimia 15 na mtaji uliozidi kwa asilimia 11. Waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa wakibanwa na jamaa nyumbani wagawe pesa. Mkopo ni ule ule na riba ni ile ile. Kilichobadilika ni kama noti zilionekana au hazikuonekana.

Na hapa kwetu, mwaka 2016 Tavneet Suri na William Jack walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kufuatilia kaya za Kenya kwa miaka kadhaa, wakilinganisha maeneo yaliyopata mawakala wengi na yaliyopata wachache. Walikadiria kwamba M-Pesa iliondoa kaya 194,000 kwenye umaskini, sawa na asilimia 2 ya kaya zote nchini, na kwamba nguvu yake ilikuwa kubwa zaidi kwa kaya zinazoongozwa na wanawake. Wanawake wapatao 185,000 waliacha kutegemea kilimo wakafanya biashara kuwa kazi yao kuu.

Nakubali kwamba nambari nne si sababu pekee. Kutumiwa pesa na jamaa wakati wa shida kulikuwa na nafasi kubwa. Lakini ukiweka tafiti hizi tatu kando kando, mstari mmoja unapita katikati yake.

Intaneti yenyewe

Mwanzoni intaneti ilikuwa ya saiba, shilingi moja kwa dakika, na ukurasa ukifunguka pole pole kama mtu anayevuta maji kisimani, kwa sababu kila kitu kilipanda angani kwenye setilaiti na kushuka. Julai 2009 nyaya za baharini za SEACOM zilianza kufanya kazi Mombasa, TEAMS ikafuata mwaka huo huo na EASSy mwaka 2010. Mwaka 2011 simu ndogo ya Huawei IDEOS ikaingia madukani kwa takribani shilingi 8,000, na hapo mtu wa kawaida akaanza kuwa na intaneti kiganjani. Baadaye WhatsApp na Facebook zikawa soko. Safaricom ikaleta nambari za malipo za madukani mwaka 2013, na mwenye kibanda akaweza kupokea malipo bila kugusa noti.

Kwa mama mwenye mtoto mchanga hili lilikuwa jambo kubwa. Aliweza kupiga picha ya gauni la mitumba akiwa sebuleni, akaituma kwenye kikundi, akapokea malipo, akampa mtu wa pikipiki apeleke. Kibanda hakihitajiki, askari wa jiji hayupo, na mtoto yuko pale pale. Mwaka 2020, wakati wa marufuku ya kutoka usiku, wengi walibaki na biashara kwa sababu hiyo tu.

Lakini hapa naomba tusishangilie haraka. Intaneti ilifungua mlango wa chumba cha tatu, kile cha kazi yenyewe, na wengi hatukuingia. Ukitazama vikundi hivyo vya kuuziana, kina mama wanauza nguo, vipodozi, keki na viatu vya watoto. Ni biashara zile zile zilizojaa, isipokuwa sasa mshindani hayuko kibanda cha pili bali yuko popote nchini. Bei inashuka, faida inabanwa, na wateja wanauliza "bado ipo?" saa nne usiku. Kazi ya nyumbani haikuisha. Ilikaa mezani pamoja na kazi ya biashara, zote zikigombea saa zile zile.

Fundi wa friji naye amepata intaneti ile ile. Yeye anatazama video ya kurekebisha kompresa ya aina mpya, anaagiza kipuri, na wiki ijayo anatoza zaidi kwa saa. Kwake mtandao umeongeza ujuzi wa kazi. Kwa mama wa nguo umeongeza idadi ya wateja na idadi ya washindani kwa pamoja. Kwa hiyo intaneti ile ile inaweza kupanua pengo bila mtu yeyote kukusudia. Na hiyo ni kabla hatujahesabu wasio nayo kabisa: chama cha kampuni za simu duniani, GSMA, kilikadiria kwamba katika mwaka 2023 mwanamke wa Afrika kusini mwa Sahara alikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 32 kuliko mwanamume wa kutumia intaneti ya simu.

Funzo la Kampala linarudi hapa. Waliovuka hawakuvuka kwa sababu ya kifaa. Walivuka kwa sababu walijua kuna faida upande wa pili na walikuwa na mtu wa kuwapokea. Mtandao unaweza kutoa vyote viwili, lakini hautoi wenyewe.

Mfuko unafunguliwa tena

Kuna sura ya mwisho, na sisi waandishi wa programu tuna mkono ndani yake. Novemba 2012 ilikuja M-Shwari, akiba na mkopo ndani ya simu. Kisha zikaja programu nyingi za mikopo ya haraka. Mama mboga ambaye benki haikumjua sasa alipata shilingi elfu mbili kwa dakika mbili. Ni msaada wa kweli, sitakataa. Ila baadhi ya programu hizo zilidai ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, na siku mama alipochelewa kulipa, wakapigiwa mchungaji wake, mwenyekiti wa chama na mama mkwe. Kila mtu akajua.

Ona kilichotokea. Nambari nne zilimpa siri, na mstari mmoja wa ruhusa ukaichukua. Aliyeandika mstari ule alikuwa kijana kama mimi, akinywa chai na kusikiliza muziki, na sidhani alifikiria kwamba anaondoa paa juu ya kibanda cha mtu.

Sheria ilikuja kwa hatua. Sheria ya Kulinda Data ilipitishwa mwaka 2019. Aprili 2020 Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wasiosimamiwa kupeleka majina ya watu kwenye mashirika ya rekodi za mikopo. Mwisho wa mwaka 2021 sheria ya Benki Kuu ikarekebishwa, na Machi 2022 zikaja kanuni zinazomtaka mkopeshaji wa simu awe na leseni na asimtangaze mdaiwa kwa jamaa zake. Ni jambo jema. Lakini sheria hukimbia nyuma ya programu, na programu tunaiandika sisi.

Kwa sisi tunaoandika programu

Ninalolisema baada ya safari hii ndefu ni moja. Mtandao ulipunguza pengo pale ulipompa mwanamke mamlaka juu ya faida yake baada ya kuuza. Pale ulipompa soko kubwa zaidi la kuuzia kitu kile kile, pengo lilibaki au likapanuka. Na pale ulipoichukua siri yake, ulimrudisha nyuma ya mahali alipoanzia.

Kwa hiyo siku hizi kabla ya kuandika chombo chochote cha mfanyabiashara mdogo najiuliza maswali matatu. Je, nani mwingine ataona pesa hii? Je, chombo hiki kitamrudishia saa, au kitamwongezea kazi ya usiku? Je, kinamwonyesha kazi yenye faida zaidi na mtu wa kumfundisha, au kinamweka tu kwenye foleni ndefu zaidi ya biashara ile ile? Nikikosa jibu zuri kwa hata moja, narudi kwenye karatasi.

Programu yangu ya kwanza niliifuta. Ya pili ina sehemu moja tu: mama akipokea malipo, fungu la mtaji wa kesho linatengwa lenyewe, halionekani kwenye salio, na linarudi saa tisa usiku kabla hajaamka kwenda Marikiti. Shangazi anaitumia bado. Hajaisifu hata siku moja, lakini majuzi alinipigia simu kunilaumu kwamba ilichelewa dakika kumi.